Niliposema Dodoma Hakuna cha Kuona

Ilikuwa Alhamisi jioni, tumekaa uani. Shangazi yangu alikuwa ameingia mchana ule kwa treni ya SGR kutokea Dar, na bado anaisimulia safari kama mtu aliyeshuka kwenye ndege. Mama mwenye nyumba wangu alikuwa kwenye kigoda chake, ungo mapajani, anachambua mlenda.

Shangazi akauliza, "Haya mwanangu, kesho unanipeleka wapi? Nimekuja kutembea mimi, sikuja kukulindia nyumba."

Nikamjibu papo hapo, "Shangazi, Dodoma hakuna cha kuona. Labda Bunge."

Mikono ya Mama ilisimama juu ya ungo. Kidogo tu, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa barabarani. Kisha ikaendelea. Alipomaliza alikung'uta khanga, akatuambia tulale salama, akaingia ndani.

Taa yake ilizimwa mapema usiku ule.

Ni wiki saba sasa, na ile mikono iliyosimama juu ya ungo haijanitoka.

Jibu la watu wa uhamisho

Niko Dodoma tangu 2017. Nilikuja na wizara, na wengi mnaosoma hapa mlikuja hivyohivyo, kwa hiyo sina haja ya kuwaeleza ile miaka ya mwanzo: Ijumaa begi liko chini ya meza, jioni mtu yuko stendi, Jumatatu alfajiri amerudi na macho mekundu. Nyumba tulipanga, lakini kuhamia hatukuhamia. Mgeni akituuliza kuhusu mji, jibu letu lilikuwa moja. Hakuna bahari, hakuna Kariakoo, ni vumbi na upepo.

Nimelisema jibu hilo mara nyingi mno. Safari hii nililisema mbele ya mtu ambaye Dodoma ni kwao, ambaye mumewe amezikwa mwendo wa nusu saa kutoka uani pale.

Nilijitetea usiku kucha. Sikumtukana mtu. Nilikuwa nazungumzia vivutio tu, mambo ya kupiga picha. Na kweli, kama kipimo ni Zanzibar au Ngorongoro, nani angenibishia?

Lakini miaka yote hiyo nakula mlenda wake, na sijawahi kumuuliza hata mara moja: Mama, kwenu kuna nini?

Ijumaa, mawe na msikiti

Niliomba ruhusa kazini siku moja. Tukaanza na yale ambayo kila mtu huanza nayo. Nyerere Square, picha chini ya sanamu ya Mwalimu. Bunge tulilipita na bajaji, Shangazi akaomba dereva apunguze mwendo, akalitazama, tukaendelea. Alipoliona kuba la Kanisa Kuu la Anglikana akasema, "Ma sha Allah, msikiti mzuri." Nikamwambia ni kanisa. Akageuka kulitazama tena mpaka likapotea nyuma ya majengo.

Kisha nikampeleka mahali ambapo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuingia, makumbusho ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini. Nimepita nje ya lango lile nikienda kazini kwa miaka. Nilidhani ni mawe.

Ni mawe kweli. Yamepangwa kwenye makabati ya vioo, kila moja na kikaratasi chake. Shangazi alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na kitu, na mwalimu hastaafu. Alivaa miwani akaanza kusoma vikaratasi kwa sauti, kimoja baada ya kingine, kana kwamba kuna darasa nyuma yake. Alipofika kwenye tanzanaiti akanyamaza. Akainama mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Hii mbona kahawia? Kama sukari guru."

Kijana aliyekuwa anatuongoza akamweleza kwamba nyingi hutoka ardhini na rangi ya namna hiyo, na kwamba ile buluu tunayoijua huja baada ya jiwe kupashwa moto. Shangazi akaniangalia mimi, akaliangalia jiwe. Akauliza kama lisipopashwa moto thamani yake inapotea. Kijana akasema jiwe ni lilelile.

Halafu akatuambia habari ya miamba ya nje, ile mikubwa ya mviringo inayoonekana kila kona ya Dodoma, ambayo watu huianikia nguo na watoto huiterezea. Alisema tumekaa juu ya kipande cha kale sana cha ardhi ya Afrika, miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Shangazi alinyoosha kiganja, akaanza kuandika sifuri kwa kidole, taratibu, akizihesabu. Moja, mbili, tatu. Zilipozidi kiganja akaendelea kwenye mkono, karibu na kiwiko.

Mwamba wa namna hiyo uko nyuma ya choo cha nyumba ninayoishi. Huwa naegeshea ndoo.

Saa sita na nusu tulikuwa nje ya Msikiti wa Gaddafi. Nikaanza kumpa maelezo, maana hayo nilikuwa nimeyasoma kwenye simu tukiwa kwenye bajaji: umejengwa kwa fedha za Libya, ulifunguliwa 2010, ni miongoni mwa misikiti mikubwa kabisa nchini. Shangazi alikuwa anajitanda mtandio wake vizuri.

"Mwanangu, hayo utaniambia nikitoka. Sasa hivi nawahi hotuba."

Akaingia. Mimi siku hiyo nilikuwa na udhuru, nikabaki nje kwenye kivuli pamoja na kina mama wauza zabibu. Watu walikuwa wanamiminika, wengine wanakimbia, viatu vinarundikana. Nilikaa pale karibu saa nzima na simu yangu yenye tarehe na takwimu. Nilianza kuhisi kwamba kuna namna ya kutembelea mahali ambayo mimi siijui.

Jumamosi, Mama anatuchukua

Asubuhi Mama aligonga mlango mapema. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea.

"Leo Jumamosi. Mgeni wako amewahi kuona mnada?"

Hakuniuliza mimi. Alimuuliza Shangazi, kupitia kwangu. Nikasema hapana. Tukaenda Msalato watatu.

Wengi wetu tunaujua Msalato kwa nyama. Mimi nimekwenda mara kumi labda, na wenzangu wa ofisini, tunaegesha gari, tunachagua mguu wa mbuzi, tunakula, tunaondoka. Hatujawahi kuvuka kwenda kule ng'ombe waliko. Mama alikwenda huko moja kwa moja. Wazee waliokuwa wameegemea fimbo zao walimwona kutoka mbali. "Mbukwenyi!" akawasalimia, nao wakaitikia "Mbukwa," na kilichofuata ni maongezi marefu ya Kigogo ambayo sikuambulia neno, ila jina langu, na baada ya jina langu kicheko kimoja kifupi kisicho cha ubaya. Nilisimama nimeshika mkoba. Vumbi, harufu ya mavi makavu, madalali wanapayuka bei, fahali mmoja mwenye nundu kubwa anavuta kamba mpaka kijana aliyemshika anaburuzwa.

Mama alimgeukia Shangazi. "Mwalimu, wewe shuleni ulifundisha jina la Dodoma limetoka wapi?"

Shangazi akasema alifundisha tembo. Tembo alikuja kunywa maji, akanasa kwenye tope, akazama, watu wakasema *idodomya*, amezama.

"Hiyo ya tembo wanaipenda watu wa vitabuni," Mama akasema. "Mimi siipendi. Tembo kaja mwenyewe, kazama mwenyewe. Sisi tuko wapi hapo?"

Akatupa ile ya babu zake. Vijana wa Kigogo walikwenda Uheheni wakaswaga kundi la ng'ombe, wakafika nalo huku, wakachinja, wakala, wakamaliza. Ikabaki mikia. Wenye ng'ombe wakaja wanafuata nyayo. Vijana wakaichukua ile mikia wakaichomeka kwenye tope, mmoja hapa, mmoja pale. Akainama kabisa, mama wa miaka sabini na tano, akashika mkia wa ng'ombe dume aliyekuwa jirani yetu akauonyesha ulivyosimama, shina chini, singa juu. Ng'ombe hata hakugeuka. Wahehe walipofika wakaambiwa, ng'ombe wenu hawa hapa, poleni, ardhi imewameza. Mmoja akashika mkia akavuta. Mkia ukabaki mkononi.

Shangazi alicheka mpaka akashika kiuno.

Mama aliuachia mkia, akajifuta mkono kwenye khanga. Kisha akasema, bado kwa Shangazi, sauti ileile ya hadithi, "Hawa wanangu walioletwa na barua nao wameonyeshwa mikia. Bunge, sanamu, basi. Wanavuta, mkia unabaki mkononi, wanasema hapa hakuna ng'ombe."

Sikuwa na la kusema. Nikaenda kuagiza nyama.

Kwa Warangi

Jumapili ilikuwa wazo la Shangazi. Alikuwa amewahi kuwafundisha watoto habari ya michoro ya miambani Kondoa, miaka nenda rudi, kutoka kwenye picha moja nyeusi na nyeupe isiyoonyesha kitu. Nilikodi gari la jirani. Mama alikubali kuja lakini akatoa angalizo tukiwa bado getini: "Huko ni kwa Warangi. Mimi mgeni kama ninyi."

Lami ni nzuri sasa mpaka Kondoa na kuendelea kuelekea Babati. Kolo iko mbele kidogo ya Kondoa mjini, na hapo ndipo mtu hukata kibali na kupata mwongoza wageni. Baada ya hapo ni njia mbovu, kisha miguu. Nilihofia magoti ya wazee wangu wawili. Walishikana mikono wakapanda polepole, wanapumzika kila penye kivuli, wanazungumza habari za wakwe zao, na walifika juu kabla sijamaliza kuhema.

Ukitaka hesabu: mapango na vibanda vya miamba vyenye michoro katika eneo lile ni zaidi ya 150, na UNESCO waliliingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alikuja kunakili michoro hiyo mwaka 1951. Wanaodhaniwa kuwa waliichora ile ya zamani, ya wekundu, ni wahenga wa Wasandawe na Wahadzabe. Ile nyeupe ya juu yake ilikuja baadaye sana, na wakulima.

Hesabu haikuandai.

Picha ni ndogo. Hilo ndilo lililonishangaza kwanza. Nilitarajia ukuta mzima unaokurukia machoni. Badala yake unasimama mbele ya jiwe, huoni kitu, unaona madoa ya kutu. Kisha mwongoza wageni ananyoosha kijiti bila kugusa, anafuata mstari hewani, na ghafla doa lina shingo. Twiga. Ukishamwona huwezi tena kutomwona, na pembeni yake kuna mwingine, na chini yao watu warefu wembamba kama mabua, wenye vichwa vikubwa vya ajabu. Kuna mahali wapo watano: wawili upande huu, wawili upande ule, mmoja katikati ameshikwa na pande zote. Leakey alisema ni mtu anatekwa. Mwongoza wageni wetu alisema wengine wanaona ngoma. Shangazi aliwatazama muda mrefu akasema, "Huyu wa katikati ni mgonjwa. Wanamsaidia kusimama."

Nilitoa chupa ya maji ninywe. Yule kijana alinyoosha mkono haraka akaizuia. Akaomba radhi, akaeleza: wageni wa zamani walikuwa wanamwagia michoro maji ili rangi zikolee kwenye picha zao, na kila mara rangi kidogo ilikwenda na maji. Tangu hapo akiona chupa moyo unamruka.

Ndipo tukafika penye pango la Mongomi.

Pale bado watu hufanya tambiko. Huja kuomba mvua, huja na wagonjwa, huja na mbuzi na pombe. Nilikuwa nimeshatoa simu. Mama alinigusa kiwiko. Alikuwa amevua ndala zake, ameziacha juu ya jiwe, na amesimama nje kabisa ya kivuli cha pango.

"Rudi nyuma kwanza," akaniambia kwa sauti ya chini. "Hujabisha hodi."

Kwake huku hakukuwa kwao, na mizimu ile haikuwa yake. Alibisha hodi kwa Kigogo, maneno machache, ndipo akasogea. Shangazi, ambaye juzi tu alikuwa kwenye safu ya swala, alibaki palepale alipokuwa. Niliona anahangaika. Alinong'ona dua yake, mikono imekunjwa ndani ya mtandio, hakuingia na hakuondoka. Nikamheshimu kwa vyote viwili.

Na mimi sikujua niwe wapi. Njiani kurudi nilimuuliza kijana kuhusu ile pombe ya tambiko. Akakiri kwamba ni mjadala. Hurushwa mwambani, na wataalamu wa uhifadhi wanasema inaharibu michoro. Wenyeji wanajibu kwamba michoro ni sehemu tu ya mahali, na mahali ndipo penye nguvu. Ukiwazuia kutambika unahifadhi ganda. Nimelifikiria hilo wiki zote hizi na bado nayumba. Wale twiga wakifutika hawarudi, na hilo linaniuma kwa sababu nimewaona kwa macho yangu wakitokeza kwenye jiwe. Lakini kila nikijaribu kusimama upande wa wahifadhi nasikia "hujabisha hodi". Naegemea upande wa wenye tambiko. Sijui kama ningethubutu kulisema hilo mbele ya mtaalamu wa mambo ya kale, ila ndipo nilipo.

Picha sikupiga.

"Nilisikia"

Shangazi aliondoka Jumanne na ndoo ndogo ya zabibu mapajani, hakukubali iwekwe juu kwenye mizigo. Nyumba ikarudi kimya. Nilikuwa nafika kazini, narudi, namsalimia Mama, naingia ndani. Siku kumi na mbili nilizungukazunguka jambo ambalo lingechukua dakika moja.

Jumapili moja jioni nilimkuta uani na ungo wake, nikakaa chini kwenye jamvi, sio kwenye kiti.

"Mama, siku ile Shangazi alipofika, nilisema neno."

"Nilisikia."

Akaendelea kuchambua. Nilisubiri aseme haina neno, kama ambavyo wazee husema ili kumpumzisha mtu. Hakusema. Aliacha ikae pale kati yetu mpaka mlenda ukaisha, na naona alikuwa na haki.

Kisha akaanza kunisimulia Kongwa.

Nilikuwa sijui kwamba amezaliwa Kongwa. Baba yake alikuwa utingo wa trekta kwenye ule mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 kwa mbwembwe na ukatupwa 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Ukame ulichangia, na udongo ule wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji. Lakini baba yake alikuwa na maelezo yake mwenyewe: walishindwa na mibuyu. Alikuwepo siku trekta mbili zilipofungwa mnyororo kuung'oa mmoja, minyororo ikakatika, Mzungu akavua kofia akaketi chini.

Mbuyu huo ulibakia. Nyumba yao ilikuwa karibu nao. Na Mama alipokuwa msichana wa miaka kumi na minne, mwaka 1964, wakaja wageni wengine kukaa kwenye yale majengo yaliyoachwa, vijana wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, na baada yao wa ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Yeye na dada zake waliwauzia maziwa. Alijifunza kuhesabu kwa Kireno mpaka kumi. Alinihesabia palepale, akikunja vidole: *um, dois, três*. Alipofika saba akakwama, akacheka, akaanza upya.

Nilimuuliza mara ya mwisho amekwenda lini. Akafikiri. Akasema tangu msiba wa kaka yake, na siku za msiba mtu haoni kitu.

Tunakwenda Jumamosi hii. Shangazi amepigiwa simu, amelalamika kwamba hatukumngoja. Gari ni lilelile la jirani. Mama ameomba jambo moja tu, kwamba tuondoke saa kumi na moja alfajiri, jua lisitukute njiani. Anataka tufike kivuli cha ule mbuyu kikiwa bado kirefu, maana asubuhi kilikuwa kinafika mpaka mlangoni kwao, na hivyo ndivyo atakavyojua nyumba ilikuwa wapi.